Hodi Kwenye Korido Kavu

Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia, maana Desemba ya Stockholm haina adabu. Nilishuka Kista kwenda kutazama chumba.

Nilikuwa na vyumba viwili vya kuchagua. Cha kwanza kilikuwa Upplands Väsby, kwenye nyumba ya wanafunzi wanaokunywa hata Jumatatu. Cha pili kilikuwa hapa, kwenye kile walichokiita korido kavu: vyumba vinane, jiko moja, hakuna tone la pombe, hakuna sigara, hakuna chochote cha kulevya. Mwingine angeona ni jela. Mimi nilikuwa nimeacha pombe miezi minane. Mara ya mwisho nilipofika nyumbani nimelewa, mama alinifungulia, akaniambia, "Valerie, leo nimefungua. Siku nyingine sifungui." Mama yangu ni Mluhya wa Kakamega, anaishi na kutunza wazee kitongoji cha Jakobsberg, na hana tabia ya kutisha watu bure.

Aliyenipokea aliitwa Nora, msimamizi wa korido, msichana mwenye uso wa askari wa gereza. Baba yake ni Mtanzania, lakini hakumfundisha mwanawe hata kuomba maji kwa Kiswahili. Tulizungumza Kiswidi. Alinionyesha kifaa cha kupuliza, kama kile cha polisi wa barabarani, kimetundikwa ukutani jikoni kando ya friji. Ukishukiwa, unapuliza. Kikiwaka nyekundu mara mbili, unahama siku hiyo hiyo, na mdhamini wako anapigiwa simu. Mdhamini wangu alikuwa mama.

Chumba namba sita kilikuwa safi, na kilikuwa kitupu tangu baridi ya mwaka uliopita. Katika mji huu watu wanasubiri chumba kwenye foleni kwa miaka. Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini hiki hakina mtu. Mimi niliweka sahihi.

Siku nne zilipita salama. Siku ya tano, jioni ilipoanza kuingia, nilikuwa peke yangu jikoni nikisonga ugali wa semolina. Wenzangu wote walikuwa chuoni. Nje theluji ilikuwa ikianguka bila sauti.

Ngo… ngo… ngo…

Mlango wa nje, ule wenye kioo, unaotokea kwenye ngazi za nje.

"Hodi…"

Sauti ya mwanamume. Nyembamba, ya mtu aliyeishiwa nguvu.

Sasa nikuambie kosa langu. Mswidi habishi hodi. Mswidi anakutumia ujumbe wiki mbili kabla. Lakini mimi nimelelewa na mwanamke anayeamini kwamba hodi isiyojibiwa ni tusi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alikuwa akisema, hata mgeni akiwa yule jirani anayechungulia sufuria. Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa kwenye mwiko, akili kwenye ugali, na mdomo ukajijibia wenyewe.

"Karibu."

Mlango haukufunguka.

Ila kiti cha mezani, nyuma yangu, kilivutwa taratibu… kikakaliwa.

Nilihisi baridi miguuni, kisha magotini. Kisha ikaja harufu. Bia iliyochacha. Koti la sufi lililolowa. Nilitaka kugeuka, shingo ikakataa.

"Asante, dada," ilinong'ona karibu kabisa na sikio langu. "Nimesimama sana huko nje."

Mwiko uliniponyoka. Nilipogeuka sikuona mtu. Niliona kiti kimesogezwa, na chini yake maji ya theluji iliyoyeyuka.

Nora aliingia na mifuko yake ya sokoni. Hakuniamkia. Alinusa.

"Umekunywa," alisema.

"Sijanywa."

"Puliza."

Nilipuliza kwa kiburi cha mtu asiye na hatia. Kikawaka nyekundu.

Tulikitazama sote wawili. Nilimwambia ukweli, kwamba kuna mtu alibisha, akaongea Kiswahili, akaingia bila kuingia. Nilitegemea anicheke. Hakucheka. Aliketi bila kuvua koti.

"Nani alikuwa anakaa namba sita?" niliuliza.

"Révérien. Mrundi. Alikuwa anasoma uhandisi. Alikuwa anakunywa. Tukapiga kura, wote, kwamba akirudi amelewa tena hafunguliwi. Tukabadilisha namba za siri za kufungulia mlango."

"Akarudi?"

"Akarudi. Tulikuwa hapa jikoni tunakunywa chai. Aligonga. Lakini alikuwa anaaga, Valerie. Alikuwa anasema *hej då, hej då*. Tukajua anakwenda kulala kwa rafiki zake. Tulimpungia mkono kupitia kioo."

*Hej då* ni kwaheri ya Kiswidi. Hutamkwa "hei-do".

Nililitamka kimoyomoyo, mara mbili.

"Ilikuwa baridi kiasi gani?"

"Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri," alisema. "Asubuhi tulimkuta ameketi kwenye ngazi."

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwema angenyamaza. Lakini yule msichana alikuwa ameniita mlevi dakika tano zilizopita, na nilitaka imuume.

"Hakuwa anaaga," nilimwambia polepole. "Alikuwa anasema *hodi*. Ni neno la kuomba kufunguliwa. Baba yako analijua. Muulize."

Uso wake ulibadilika ukawa kama wa mzee. Aliinuka, akaandika jina langu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, na mbele yake akachora alama moja nyekundu. Hakunitazama tena. Nilienda kulala nikijiona mshindi. Upumbavu hauna dawa.

Kesho yake, saa ile ile ya giza, nilikuwa chumbani nasoma. Godoro lilizama upande wa miguuni, polepole, kama mtu mchovu anaketi.

"Toka," nilinong'ona.

"Umenikaribisha."

"Nilikosea."

"Dada… tangu mwaka jana naomba. Wewe peke yako ndiye uliyeitikia."

Nilibana macho. Nikajaribu kusali, maneno yakapotea. Harufu ilikuwa imepanda mpaka kifuani pangu.

"Unataka nini?"

"Baridi imeniingia. Wewe una joto humo ndani." Pumzi yake ilikuwa barafu mdomoni mwangu. "Nipishe kidogo tu."

Sikupisha. Naapa sikupisha.

Kitu kikateremka kooni mwangu. Kilikuwa baridi kwanza, kisha moto, kikashuka mpaka tumboni, kikatandaza ule ukarimu wa glasi ya kwanza ambao nilikuwa nimeukimbia kwa miezi minane. Nitakuambia na jambo ambalo sijamwambia kasisi. Kilikuwa kitamu. Mungu anisamehe, nililia kwa utamu wake.

Nora alipofungua mlango, nilikuwa nimeketi sakafuni nacheka. Kicheko hakikuwa changu. Alikuwa na wenzake wanne na kile kifaa mkononi. Sikubisha. Nilipuliza.

Nyekundu.

"Hej då, Valerie," alisema Nora kwa upole. Alilichagua neno lile, najua alilichagua. Nikiwa bado nafunga begi, nilimsikia kwenye korido akizungumza na mama kwa simu.

Ndani ya basi la Jakobsberg hakuna aliyekaa karibu nami. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake. Nilijifunika mdomo kwa skafu njia nzima, na ndani ya skafu nilikuwa nanusa pumzi ya mtu mwingine.

Saa kumi na mbili jioni nilisimama mbele ya mlango wa mama, ghorofa ya pili.

"Hodi, mama."

Nilisikia kandambili zake zikija, zikasimama. Kile kitundu cha kuchungulia kikaingia giza.

"Mama, sijanywa. Naapa kwa Mungu."

"Hata mwezi wa nne uliapa."

"Fungua uniangalie tu. Uniangalie machoni. Ukiona nimelewa, nifukuze."

Nilisikia anapumua. Mama alikuwa analia, na mama huwa halii. Kidole chake kiligusa komeo, nikasikia chuma kikisogea kidogo. Kisha kikatulia.

"Val. Uko na nani hapo nje?"

"Niko peke yangu, mama."

"Usinidanganye." Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Nimesikia hodi mbili."

Taa ya ngazi ilizimika. Nilitaka kumwambia ni mimi tu, ni mwanao tu, lakini nilipofungua mdomo, mvuke mweupe ulitoka, ingawa ndani ya jengo lile kulikuwa na joto. Nikaufunga.

"Mmoja wenu aondoke," mama alisema nyuma ya mlango. "Nitamfungulia atakayebaki."

Nikaketi kwenye ngazi, nikamngoja yule aliye ndani yangu aondoke. Yeye naye, nadhani, alikuwa akiningoja mimi.