Viti vya Harusi Viko Hospitali ya Meno

"Bosi, nimefika na viti vyote. Ila sioni harusi."

"Unaona nini?"

"Naona watu wameshika mashavu."

Mama Viti alikuwa mbele ya kioo cha saluni, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Alimfanyia msusi ishara asubiri.

"Dereva, uko wapi?"

"Hospitali ya meno. Ramani ya simu imenileta mpaka getini. Mlinzi anauliza kama viti ni msaada."

"Usishushe hata kimoja."

"Nimeshashusha thelathini, bosi. Wagonjwa wamekalia."

Jina la Mama Viti lilitokana na kazi. Kwa miaka mingi yeye na mama yake walikodisha viti na maturubai. Sasa alikuwa na kampuni, na wakodishaji wa mji mzima walipokea oda kupitia programu yake ya simu. Yeye mwenyewe hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu hiyo. Aliyeiandika ni Mhandisi, na saa sita mchana huo Mhandisi alikuwa amwoe.

Viti vya harusi vilikuwa vimeagizwa na mama mkwe. Mama Viti alimpigia.

"Shikamoo, mama. Vile viti uliviagiza ukiwa wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimeng'olewa jino, niko kwenye benchi nangoja damu ikate. Mdomo umejaa pamba, kuongea siwezi, nikabofya."

"Programu haikukuuliza sherehe iko wapi?"

"Wala. Ilisema asante tu. Nikasema hawa watoto wana akili, mpaka kwangu penye sherehe wanapajua."

Mama Viti alifumba macho. Swali hilo alilidai tangu mwanzo. Mtu haagizi viti akiwa ameketi kwenye sherehe yake. Huagiza akiwa sokoni, kazini, kitandani. Mhandisi alishikilia kwamba simu inajua mtu alipo, inatosha. Walibishana mbele ya ofisi nzima mpaka akakubali. Baada ya siku chache alimwambia, "Tayari, mpenzi. Nimeliweka."

Alimpigia wifi yake, dada wa Mhandisi, ambaye ofisini ndiye hupokea malalamiko ya wateja.

"Wifi, hata leo kazi? Wewe si bibi harusi?"

"Swali la mahali pa sherehe limo kwenye programu au halimo?"

"Ngoja nitoke nje kwanza."

"Nimekaa hapa na nusu kichwa. Nijibu."

"Halijawahi kuwemo. Wateja wanalalamika. Kaka aliniambia niwajibu kwamba walibofya vibaya, na nisikusumbue."

"Na wewe ukawajibu."

"Ni kaka yangu, wifi. Lakini ungekuja kujua baada ya ndoa, ungenila nyama."

Mama Viti alimwandikia Mhandisi: *Njoo saluni. Sasa hivi.*

Jibu likaja: *Nafunga tai, mpenzi.*

*Ifungie njiani.*

Aliingia na suti yake, tai ikiwa imepinda.

"Tatizo dogo," alisema. "Nimeongea na dereva, anageuza."

"Viti vitageuka. Mimi nauliza neno lako. Uliniambia tayari."

"Nilikuwa na mpango wa kuliweka."

"Hukusema una mpango. Ulisema tayari."

"Mambo ya kiufundi haya, sijui nikuelezeje uelewe..."

"Nieleze kwa Kiswahili. Na msusi asikie."

Msusi alipunguza mwendo wa vidole.

"Lile swali linamchelewesha mteja."

"Linamchelewesha kushinda hospitali ya meno?"

Msusi alikohoa.

"Ulijua siwezi kufungua humo ndani nikaona," Mama Viti aliendelea. "Kampuni yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Fundi aliniambia tayari, nikaona haya kuuliza, nikaitikia. Siku ya uzinduzi hakukuwa na kitu. Tangu hapo kila fundi ananijua: sipokei tayari mpaka niguse kwa kidole changu. Wananicheka, lakini wananionyesha. Ni wewe tu sikukuomba unionyeshe."

"Kwa nini?"

"Nilidhani kumdai mchumba ushahidi ni kumtukana."

Mhandisi aliketi kwenye kiti cha kuoshea nywele.

"Siku ile ulinishinda mbele ya mafundi wangu, na kuandika programu hujui. Wote walicheka."

"Mimi sikucheka."

"Najua. Ungecheka isingeniuma hivi." Alinyoosha tai, ikapinda upande wa pili. "Nisamehe. Sitakudanganya tena."

"Na hilo nalo ni tayari?"

Mama Viti alichukua simu akaandika kwenye kundi la familia: *Wapendwa, karibuni chakula kama tulivyopanga. Ndoa tumeiahirisha. Bwana harusi mzima, nami mzima. Viti viko njiani.*

Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi yake: *Chakula kile kile?*

Wageni walikula. Mama mkwe, akitafunia upande mmoja, alimwita Mama Viti kando.

"Mwanangu, umeniaibishia mtoto."

"Mama, anawaambia wateja walibofya vibaya. Na wewe ni mteja."

Mama mkwe aliweka kijiko chini, akamwita na mwanawe.

"Mimi nilibofya vibaya?"

"Hapana, mama."

"Basi na hao wengine wapigie uwaambie hivyo hivyo. Wewe mwenyewe, si dada yako."

Wiki mbili Mhandisi hakumtumia Mama Viti hata salamu. Kisha ukaja ujumbe: *Njoo ofisini uone. Sisemi neno.*

Kweli hakusema. Aliweka simu mezani, akatia mikono mfukoni. Mama Viti aliagiza viti. Swali likatokea: *Sherehe iko wapi?* Akaandika nyumba ya mama mkwe. Ramani ikaenda huko, si ofisini. Akarudia, safari hii akikosea kwa makusudi. Programu ikamrudisha nyuma, ikamuuliza tena.

"Na wateja?"

Wifi alijibu kutoka mezani kwake: "Amewapigia wote. Mmoja alimtukana mpaka pumzi ikamwishia. Nilimwekea spika, tusikie sote."

Mama Viti alimtazama Mhandisi. Mikono bado ilikuwa mfukoni.

"Unaweza kuongea sasa."

"Sina la kuongeza."

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu nikujue."

Mwezi uliofuata walisimama mbele ya msajili wa ndoa. Nyuma yao kila mgeni alikuwa amekaa.

"Mko tayari?" msajili aliuliza.

Mhandisi alifungua mdomo, akaufunga, akamgeukia mwenzake. Mama Viti alimkagua kuanzia viatu hadi shingoni. Tai ilikuwa imepinda kama siku ile. Alinyoosha kidole, akaigusa, akaiweka sawa.

"Tayari," alisema.