Foleni ya Gatini Cromsea

Desmond Pargeter alikuwa amezunguka nusu ya dunia. Alipotea Cairo, akaibiwa viatu Napoli, lakini aibu kubwa kuliko zote ilimngoja Cromsea, mji mdogo wa pwani ambako yeye na mkewe Hilary walikuja kila mwaka kulamba aiskrimu kwenye baridi na kuita hiyo likizo.

Aliruka foleni.

Hakukusudia. Giza lilikuwa linaingia, Hilary amebaki garini akiyakinga magoti yake na upepo, amemtuma samaki na chipsi, siki isisahaulike. Mwishoni mwa gati taa ya kibanda cha Gwenda, muuza chipsi, ilikuwa inawaka, akaiendea moja kwa moja. Msururu mzima wa watu aliowapita ukageuka kumtazama.

Mwingereza mkanyage mguu, atakuomba radhi yeye. Foleni yake usiiguse.

"Mwisho ni kule, bwana," akanong'ona mama mmoja mwenye koti la njano.

"Samahani, mama. Uzee huu."

Akarudi nyuma kabisa, masikio yakimwaka moto. Hakuuliza foleni ni ya nini. Nani huuliza?

Harufu ya chipsi ikapotea. Ikaja ya mwani uliooza.

Tone... tone...

Koti la mtu wa mbele yake lilikuwa linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha.

"Kaka, samaki wenyewe ndio wanavuliwa sasa hivi, au?" Desmond akatania.

Mtu yule hakugeuka. "Samaki gani? Tunangoja boti ya kuzunguka mnara wa taa."

Foleni ikasogea. Kwenye ngazi za kushukia majini hapakuwa na boti yoyote. Yule mama wa koti la njano akashuka... akashuka... mpaka maji yakamfunika kichwa.

Hata povu halikutoka.

Miguu ya Desmond ikapiga hatua bila kuulizwa. Nyuma yake mtu alikuwa ameshajipanga, pumzi yake baridi kama barafu.

"Naomba... naomba nitoke kidogo. Mke wangu yuko garini."

"Acha kitu," sauti ikanong'ona shingoni. "Tukushikie nafasi."

Maisha yake yote Desmond ameshika nafasi kwa taulo ufukweni na gazeti kwenye treni. Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka juu ya mbao za gati. Akakimbia.

Kibandani, Gwenda alikuwa akifuta kaunta. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

"Gwenda, ile foleni..."

Kitambaa kikasimama. "Umeiona? Boti wanayoingoja ilizama mimi nikiwa msichana. Walipanda kwa utaratibu, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Niambie tu hukuacha kitu."

Desmond akajishika kichwa kitupu. Akageuka. Gati lilikuwa tupu, kofia peke yake juu ya mbao.

Ikasogea. Taratibu. Kuelekea ngazi.

"Hilary aliifuma mwenyewe. Ngoja niikimbilie, niichukue..."

"Ukiifuata, umejipanga nao."

"Na nisipoifuata?"

Gwenda akamwagia chipsi siki, akafunga karatasi, akamsukumia.

"Zamu yako ikifika, watakuja kukuita. Hawa hawamruki mtu."