Kichwa cha Treni cha Mzee Gasana

"Kabla sijamaliza chai hii, mwizi atakuwa ndani," alisema Inspekta Ntawukuriryayo, kikombe mkononi, maiti mbele yake.

Chai ile ilipoa, ikafanya utando, na jioni tuliimwagia migomba.

Inspekta wetu ana jina refu kuliko korido ya kituo, na anajiamini kwa kipimo hicho hicho. Mimi ni konstebo wake wa kuandika maelezo. Nimeandika jina lake mara nyingi kuliko langu.

Ilikuwa mwaka 2004, miezi michache baada ya Bukavu kuwaka moto wa vita tena. Binti yake Mzee Gasana alimkuta katika chumba cha nyuma cha nyumba yake hapa Kamembe, mpakani na Kongo, amelalia meza kifudifudi, kisogo kimepasuka. Juu ya meza hiyo kulikuwa na reli ndogo sana, imepigiliwa misumari kwa duara, nyaya zake zimeingia ukutani. Kando kulikuwa na boksi tupu. Picha ya nje ilionyesha kichwa cha treni cha dizeli, na Kifaransa chake kilisema kinatoa sauti za dijitali.

Kichwa chenyewe hakikuwepo.

"Hii ni nini?" aliuliza Inspekta, akigusa reli kwa kalamu.

"Njia ya panya, Afande."

"Andika. Usichekeshe."

Tusilaumiwe. Nchi yetu haina hata hatua moja ya reli. Treni tumeziona vitabuni.

Daktari Uwayezu alichunguza jeraha.

"Pigo moja, tangu jana mchana. Kitu kizito cha chuma, chenye ncha mbele. Na kuna majivu kwenye nywele."

"Majivu ya sigara?"

"Ya makaa. Nani anavutia sigara kisogoni?"

Inspekta alirudisha kalamu mfukoni. Alishaamua kwamba ni wizi, na kwamba tusimwambie mtu yeyote kilichoibwa. Tukaenda stendi kumkamata Mulume, mchukuzi anayevusha mizigo ya watu kutoka Bukavu, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye boksi.

"Ulimletea Mzee Gasana mzigo?"

"Nilimuletea."

"Ulijua ni kitu cha thamani?"

"Afande, mzee aliuza ng'ombe wake wa Gashonga ili anunue ile kitu. Mara mbili nimeibeba. Ya kwanza ilikuja haina sauti, akairudisha Ulaya. Aliniambia treni bubu ni ya batoto."

"Na ya pili?"

Mulume akatabasamu, ingawa alikuwa na pingu.

"Ile ya pili ilikuwa na kila kitu. Ngazi, vyuma vya kushikia, hata vifagio vya kioo. Ndani kuna dereva mudogo. Mzee alizaliwa Kongo, alifanya kazi ya reli kule Kalemie mpaka aliporudi huku. Aliiweka juu ya reli, akabonyeza telekomande, ile rimoti yake. Ikakohoa kama muntu mwenye baridi, kisha ikanguruma. Honi. Halafu breki zikalia, na pumzi ikatoka. Mzee alilia, Afande."

"Nani mwingine alijua?"

"Hakuna. Binti yake angemuuliza ng'ombe iko wapi. Majirani aliwaambia amenunua genereta."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Mpaka ulifungwa, nikalala kwa dada yangu Bukavu. Waulize askari wa darajani, wamenifukuza kama kuku."

Tuliwauliza. Kweli walimfukuza kama kuku. Inspekta akamfungua pingu bila kumtazama, na nikaona ule urefu wa jina lake umepungua kidogo.

Lakini alikuwa amepata kitu. Tulirudi nyumbani kwa marehemu, na Inspekta akamuuliza kila jirani swali moja tu: jana mchana ulisikia nini kwa Mzee?

Nsabimana, dereva wa malori ya sementi ya Muganza, alijibu akiwa anakula.

"Benz. Ya zamani, pampu yake inaumwa."

"Benz ndani ya nyumba?"

"Umeuliza nilichosikia. Kama Mzee alipaki lori kitandani, hayo ni mambo ya ndoa yake."

"Mzee alikuwa mjane."

"Basi nafasi ilikuwepo."

Mke wa Nsabimana alisema ni genereta, na mafuta yake machafu. Tulibakiwa na Maman Nyirabagenzi, fundi wa nguo, mpangaji wa chumba cha uani kinachogawana ukuta na kile cha Mzee. Alikuwa akishona sare ya shule. Hakuinua macho.

"Maman, jana mchana ulisikia nini?"

"Treni," alisema. "Ilifunga breki, ikasimama. Kisha honi."

Kalamu yangu ilisimama pia.

Inspekta alivuta kigoda, akakaa taratibu.

"Maman unatoka wapi?"

"Gashonga."

"Umewahi kuishi Kongo?"

"Hapana."

"Hata mwaka wa tisini na nne, watu walipovuka Ruzizi kukimbilia Kongo?"

"Nilibaki na mama yangu kwenye mihogo."

"Dereva wa malori amesikia lori. Mke wake amesikia genereta. Wewe wa Gashonga, treni umeisikia wapi hata uijue breki yake na honi yake?"

Cherehani ilinyamaza. Mlangoni, juu ya tofali, kulikuwa na pasi yake ya makaa. Yote ilikuwa nyeusi kwa masizi, isipokuwa ile ncha ya mbele. Ncha ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

Inspekta aliitazama pasi. Maman naye akaitazama.

"Iko chini ya kitanda," alisema.

Kichwa cha treni kilikuwa kimefungwa ndani ya kitenge, kimekunjwa vile mtu anavyomkunja mtoto mchanga. Nilikifungua mimi. Ni kizuri, sitadanganya. Hata misumari ya ubavuni ilionekana moja moja. Dereva wa plastiki alikaa kwenye kiti chake, mikono mbele, hajali kitu.

Kituoni alikataa maji, akaongea.

"Nilivuka, Afande. Na bwana yangu, na mutoto wangu Isimbi. Tulikaa kambi ya wakimbizi. Vita ilipokuja kambini tukaingia musitu. Bwana yangu alibaki kule. Mimi nilitembea mpaka nikafika fasi ya reli. Tukaambiwa treni itatupeleka Kisangani, kule kuna ndege ya kuturudisha nyumbani."

"Mwaka gani?"

"Tisini na saba. Walitupakia kama magunia ya sementi, hata hakukuwa na fasi ya kuanguka. Isimbi nilimubeba mugongoni. Mwanzo alikuwa analia. Nikamwambia nyamaza, utamaliza hewa ya batu."

Alipeleka mkono nyuma, akagusa mgongo wake.

"Akanyamaza. Tulipofika breki zikalia, treni ikapiga honi, milango ikafunguliwa. Nikamushusha."

"Kwa nini uliposema unatoka Gashonga ulificha haya?"

"Nani anampangisha chumba muntu wa kambi? Kila muntu anataka kujua ulienda na nani, bwana yako alikuwa na silaha gani. Nilisema sikuvuka. Nikaanza upya."

"Tuambie kuhusu jana."

"Kila siku mchana sauti ile ilitoka ukutani. Nilidhani ni kichwa changu. Nilizoea hata. Nilisema, basi, ni ugonjwa, utanimaliza polepole. Jana nilikuwa uani natikisa pasi makaa yashike. Mlango wa Mzee ulikuwa wazi, nikasikia breki. Nikaingia na pasi mukononi. Nikaona ni kitu cha kweli."

"Mzee alifanya nini?"

"Alifurahi. Hakuwa ameonyesha muntu. Aliniambia, 'Maman, unajua treni?' Nikamwambia najua. Akanionyesha yule dereva mudogo. 'Huyu ni mimi,' akasema. Nikamuuliza, hata ile ya Kisangani uliendesha? Akasema, 'Kongo yote. Hakuna reli ya Kongo isiyonijua.' Akanigeuzia mugongo, akabonyeza honi."

Alifungua viganja vyake, akavitazama.

"Nilipokiinua kile kitu toka kwa reli kikanyamaza chenyewe. Niliangalia ndani ya madirisha. Hakukuwa na batu. Dereva tu."

Ndivyo kesi ilivyokwisha. Au ingekwisha, kama Patricie, binti wa marehemu, asingekuja kituoni kuchukua vitu vya baba yake.

"Baba yako aliwahi kuendesha treni ya Kisangani, mwaka wa tisini na saba?" Inspekta alimuuliza.

Patricie alishangaa.

"Papa? Papa hakuwahi kuendesha nje ya Kalemie. Alikuwa anasogeza mabehewa bandarini, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Hizo safari za Kongo yote ni mdomo tu, tulizizoea. Na mwaka wa tisini na saba tulikuwa tumesharudi huku. Tulikuwa tunajenga ile nyumba."

Alipotoka, Inspekta alikifunga tena kile kichwa cha treni ndani ya kitenge. Kisha akasema neno ambalo mimi, mtu wa mizaha, nililisikia nikakosa mzaha:

"Asiambiwe. Anaenda gerezani maisha yake yote. Angalau aende akijua alimpiga aliyehusika."

Hivyo ndivyo ninavyowasimulia makonstebo wapya, kila wanapoletwa kwetu, ili wamjue Inspekta wao: kwamba mtu mwenye jina refu vile ana moyo pia. Juzi nilifika mwisho, tukiwa kantini, nikaweka sauti nzito kidogo.

"Na mpaka leo Maman Nyirabagenzi hajui."

"Anajua," alisema mtu.

Alikuwa Vénantie, askari anayelinda mahabusu ya wanawake. Alikuwa anakula maharage yake kwenye meza ya pili.

"Nani alimwambia?" nikauliza, huku nacheka.

"Weye. Asubuhi ya kesho yake. Ulimpelekea uji, ukamwambia, 'Maman, umemuua dereva wa mbele-nyuma. Hata Kisangani hakuijua.' Ulikuwa unacheka hivi hivi. Nilikuwa nyuma yako na funguo."

Makonstebo walinitazama, wakingoja nitoe jibu la kuchekesha. Nikavuta sahani yangu karibu.

"Akasema nini?" mmoja aliuliza. Hakuniuliza mimi.

Vénantie alisukuma sahani yake kando.

"Aliuliza, 'Basi, treni yangu iliendeshwa na nani?' Alishika nondo za dirisha akimungojea huyu musimulizi wenu amujibu. Huyu alikuwa ameshaondoka na bakuli."