Siku Tovuti Ilipofungwa

Jumamosi zetu za mtaani Lemara nazikumbuka vizuri. Mama yangu, Agnela, alikuwa akirudi mapema kutoka soko la Tengeru, alikouza nguo za mitumba. Alipika mtori wa ndizi na nyama. Baba yangu, Ludovick, alikuwa fundi wa kuchomelea. Alitengeneza mageti na madirisha hapohapo uani kwetu. Mchana alizima mashine, akanawa mikono, akavuta kigoda. Jirani yetu Saning'o alikuja na redio yake, wakasikiliza mpira.

"Refa huyu haoni!" Saning'o alipiga kelele.

"Anaona, ila timu yako haina miguu!" Baba alimjibu.

Timu ikishinda, walicheka. Ikifungwa, walicheka vilevile, kisha wakala mtori. Sisi watoto tulicheka bila kujua tunacheka nini.

Baadaye simu za kugusa zikaingia. Baba alinunua moja. Fundi mwenzake, Manase, akamfundisha kubeti, kucheza kamari ya mpira kwenye simu.

"Mpira ni uleule, Kaka Ludo," Manase alisema. "Ila sasa unakulipa."

Mwanzoni Baba alishinda. Siku aliyoshinda tulikula nyama choma. Kisha akaanza kupoteza, na kila alipopoteza alicheza tena ili arudishe. Alibeti hata timu za nchi asizozijua. Mageti ya wateja yakakaa uani bila kumalizwa.

"Leo nani anacheza?" Saning'o alimuuliza.

"Majina siyajui," Baba alisema bila kuinua macho. "Nimebeti idadi ya kona, nasubiri zipigwe tu."

Saning'o alizima redio yake. Kisha akaichukua akaenda kwake.

Asubuhi moja tovuti aliyobetia Baba haikufunguka. Alijaribu tena na tena. Kwenye taarifa ya habari wakasema serikali imefunga tovuti za kamari zisizo na leseni. Mafundi wenzake waliobeti wakakusanyika getini kwetu wakiwa na hasira.

"Wanatuonea!" mmoja alisema.

"Hela yangu imo mle ndani!" Baba alisema.

Manase akacheka. "Tulieni. Kuna programu inaifanya simu ionekane iko nchi nyingine. Unapita nayo, unaingia."

Baba aliiweka programu hiyo. Tovuti ikafunguka. Hela yake aliiona pale, lakini kila alipotaka kuitoa ilikataa. Ndipo akapata ujumbe. Aliyeuandika alijiita huduma kwa wateja. Alimwambia Baba atume hela kwanza, pamoja na namba ya siri ya pesa zake za simu. Akifanya hivyo, kila kitu kitafunguliwa.

Baba hakuwa na hela ya kutuma, kwa hiyo akaamua kuuza mashine ya kuchomelea.

Mnunuzi alikuja na pikapu. Mama alikuwa anaanika nguo. Akaziacha.

"Baba Brightness, mashine inakwenda wapi?" aliuliza, akimwita kwa jina langu.

"Inakwenda na kurudi, Mama Brightness. Nikitoa hela yangu nanunua nyingine."

"Na ikikataa tena? Tutakula nini?"

Baba aliendelea kufungua nyaya za mashine. Mama hakupiga kelele. Alimwomba mnunuzi asubiri, akaenda nyumba ya pili kumwita Nalepo. Nalepo alikuwa afisa ustawi wa jamii. Sote tulimwita Mama Lesian. Nilimwamkia, "Shikamoo Mama Lesian," akanishika kichwa, akaketi karibu na Baba.

"Serikali imechukua hela yangu," Baba alimwambia.

"Serikali imefunga tovuti, shemeji. Hela anayo mwenye tovuti. Unamjua?"

"Simjui."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Hata hiyo siijui."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya leseni," Nalepo alisema. "Kampuni yenye leseni inajulikana. Ikikudhulumu, unakwenda kulalamika kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Huyu wako hajulikani. Ukimfuata kwa njia ya kuzunguka, unabaki peke yako naye."

"Na huyu wa huduma kwa wateja?"

"Nionyeshe." Nalepo alisoma ule ujumbe, akatikisa kichwa. "Ni tapeli. Anajua watu wanahangaika. Namba ya siri ni yako peke yako. Usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kampuni ya simu."

Baba alifikiri. "Basi nihamie kwenye kampuni yenye leseni?"

"Leseni haitakuzuia kupoteza, shemeji. Niambie kweli, ukitaka kuacha, unaweza?"

Baba aliangalia mikono yake. "Nikifumba macho naziona zile namba za kubeti," alisema taratibu. "Hata kanisani."

Sikuwahi kumsikia Baba akiongea kwa sauti ile.

"Hilo ni tatizo la afya, na lina msaada," Nalepo alisema. "Hospitalini kuna washauri. Futa hiyo programu. Mripoti huyu tapeli kwa kampuni ya simu. Kwa sasa Mama Brightness akutunzie hela. Hamu ikija, usikae peke yako. Nenda kwa mtu, ongea naye mpaka ipungue."

Baba akasimama, akaenda kwenye pikapu. "Samahani ndugu yangu," alimwambia mnunuzi. "Mashine haiuzwi."

Haikuwa rahisi. Siku moja alicheza tena kwenye simu ya Manase. Jioni alimwambia Mama mwenyewe, na kesho yake akarudi kwa mshauri. Manase alimcheka, mpaka yeye naye alipotapeliwa pesa zake zote za simu. Baba hakumcheka. Alimpeleka kwa Nalepo.

Polepole kazi zikarudi. Mwaka uliofuata Baba alimtengenezea Mama kibanda cha chuma cha kuuzia nguo Tengeru. Tulikwenda sote kukisimamisha. Mama alipitisha kiganja kila mahali Baba alipochomelea. Akatabasamu.

Ilikuwa saa ya mechi, na simu ya Baba ikalia mfukoni. Ikalia tena.

"Huiangalii?" Mama aliuliza.

"Itasubiri," Baba alisema. "Nishikie hapa, nikaze hii nati."