Karatasi ya Sigara Mahali pa Fyuzi

Asubuhi ile ya mwaka wa themanini na tano, ndugu zangu, ungepita mtaa wetu wa Wabera ungesema nyumba ya Ekeno imebarikiwa. Mvua ilikuwa imerudi baada ya ukame uliotumalizia mifugo. Nakaale alikuwa akifagia ua huku akiimba wimbo wa kanisani, na mumewe Ekeno akiosha pikapu yake kuukuu kama anayemwogesha mtoto. Lokol, kaka yake Nakaale aliyeishi Garbatulla, alikuwa ametuma habari: "Njoo uchukue mbuzi wa maziwa, watoto wako waache kunywa chai nyeusi." Tangu ukame Nakaale hakuwa na hata mbuzi mmoja. Alikuwa amewaota hao mpaka akawapa majina kabla ya kuwaona.

Amani hiyo iliharibiwa na kitu kidogo kuliko kidole.

Ekeno alikuwa amefunga mwenyewe kizimba cha chuma nyuma ya pikapu, akitoboa bodi na kukaza skrubu bila kutazama kilichopita chini yake. Tangu hapo, kila alipowasha taa na gari likaanza kurukaruka, za dashibodi zilizima na za mbele zikafuata. Alinunua fyuzi mpya, ikakatika. Akanunua nyingine, nayo ikakatika. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Ekeno alimlaumu mwenye duka.

Nakaale ndiye aliyemsukuma hadi kwa Kaimenyi, fundi wa waya za magari karibu na soko. Fundi alitoa balbu akazitazama, akajaribu swichi, akaingia chini ya gari, akatoka akijipangusa vumbi.

"Balbu ni nzima, swichi ni nzima," alisema. "Kuna waya imechubuka mahali, na gari ikitikisika inagusa bodi. Hiyo fyuzi inakatika ndio waya isishike moto. Niachie gari mpaka kesho, niifuate hiyo waya kutoka mbele mpaka nyuma."

"Kesho? Na leo ndio naenda Garbatulla!"

"Basi enda mchana, urudi mchana. Taa usiguse."

Ekeno alicheka. Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, akachana ile karatasi yake inayong'aa, akaizungusha kwenye fyuzi iliyokatika na kuirudisha mahali pake. Akawasha. Gari lilikuwa limesimama tuli, kwa hiyo taa ziliwaka zote vizuri. Wanaume waliokuwa wakinywa chai kando wakapiga makofi. "Ekeno ni injinia!" Naam, makofi! Katika mji huu mtu akifanya upumbavu bila aibu hakosi wa kumshangilia.

Nakaale hakupiga makofi.

"Baba Akuam, mbuzi akikohoa unamfunga mdomo?"

"Wewe unajua nini mambo ya gari?"

"Gari sijui. Kukohoa najua."

"Ingia twende, ama ubaki."

Akaingia. Angebaki, nani angemletea mbuzi wake?

Kwa Lokol walipokelewa vizuri. Nakaale aliwashika mbuzi mmoja mmoja, akawapapasa viwele, akacheka peke yake. Lakini Ekeno alikaa na wakwe zake akila nyama na kuwasimulia hadithi ya karatasi. Nakaale akamwambia jua linakwenda. Akamwambia tena.

"Si taa ziko?" alijibu Ekeno, akaongeza kipande cha nyama.

Barabara ile mnaijua, mashimo juu ya mashimo. Giza lilipoanza kuingia, Ekeno aliwasha taa na kuanza kupiga mluzi. Haukupita muda Nakaale akasikia harufu ya mpira unaoungua.

"Simamisha gari!"

"Ni vumbi tu."

Taa za dashibodi zikafifia, na moshi ukatoka nyuma ya dashibodi. Ekeno akasimamisha gari na kuivuta swichi, lakini swichi ilikuwa imeyeyuka na haikuzima kitu. Fyuzi ambayo ingekatika, yeye alikuwa ameizuia isikatike. Moto ulifuata waya mpaka kwenye kizimba, ukayakuta majani makavu aliyowatandikia mbuzi.

Nakaale alikimbilia mlango wa kizimba. Haukuwa na komeo! Bwana injinia alikuwa ameufunga kwa waya uliosokotwa kwa koleo, na koleo lilikuwa ndani ya moto. Nakaale akausokotoa kwa vidole vyake, chuma kikimuunguza. Mlango ukafunguka kidogo, mbuzi mmoja akaruka nje. Hapo petroli ikashika, na Ekeno akamvuta mkewe nyuma akipiga mayowe. Sauti ya wale wengine humo ndani sitaisimulia.

Siku iliyofuata Nakaale alikaa mlangoni pa nyumba yake, mikono yote miwili imefungwa bandeji za hospitali. Wale wa makofi walikuja kusema pole, wakaondoka haraka. Mbuzi aliyebaki alilia uani kwa kujaa maziwa, na Akuam, binti yao mdogo, alisimama na kikombe.

"Tushukuru Mungu," Ekeno alisema, "angalau mmoja amebaki."

"Usiniambie angalau!" Nakaale alipaza sauti hadi majirani wakasikia. "Nilikuambia. Fundi alikuambia. Gari yenyewe ilikuambia! Mungu nimemshukuru tayari. Wewe piga magoti hapo ukamue, maana hii mikono haiwezi tena."

Ekeno akapiga magoti. Hakuwa amekamua tangu utoto, na mbuzi akampiga teke. Nakaale hakucheka. Alitazama vidole vyake visivyokunjika, na mumewe akaendelea kukamua akilia.

FUNZO

Wenye magari, fyuzi ikikatika haijakukosea. Tafuta waya iliyochubuka, na kama hujui, mwachie fundi gari hata kama safari itaharibika. Karatasi ya sigara haitibu kitu, inanyamazisha tu.

Na ninyi wenye nyumba, sikio la kufa halisikii dawa. Mkeo akikuambia kuna hatari, usimuulize anajua nini. Ekeno alinyamazisha fyuzi, akamnyamazisha fundi, akamnyamazisha mkewe. Leo anasikia vizuri sana, na kila asubuhi anakamua mbuzi mmoja.