Mbayuwayu Aliyeruka Kinyumenyume

Jumatano, saa kumi na dakika kumi alasiri, nesi mstaafu alikutwa amefungiwa stoo ya nyumba yake. Alikuwa amelala sakafuni, midomo imebadilika rangi, pumzi zake za kuhesabika. Aliyemkuta ni jirani yake, fundi cherehani, aliyekuja kuuliza kwa nini mlango wa mbele ulikuwa wazi tangu asubuhi. Sebule ilikuwa imekombwa: mazulia matatu, televisheni, kompyuta, sanduku la vito. Nesi akakimbizwa hospitali bila fahamu.

Fundi cherehani alikuwa na picha. Saa tatu na robo asubuhi gari jeupe la mizigo lilikuwa limeziba geti lake, akalipiga picha kwa simu ili amlalamikie mwenye gari. Namba za usajili hazikuonekana, lakini ubavuni palisomeka kwa herufi za buluu: MBAYUWAYU, USAFI WA MAZULIA. Kando ya maandishi palikuwa na ndege mwenye mkia uliogawanyika panda.

Kabla jua halijazama, mwenye Mbayuwayu alikuwa mahabusu.

Alhamisi saa mbili asubuhi, Inspekta aliingia kwenye karakana ya mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Herufi. Kwa miaka ishirini alikuwa akibuni nembo na kubandika maandishi kwenye magari ya watu. Mwenye Mbayuwayu alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mdogo mtu mwenyewe alikuwepo, ameketi juu ya ndoo ya gundi iliyogeuzwa, leso imeloa mkononi.

"Nina swali moja tu," Inspekta alisema, akaweka simu mezani. "Maandishi haya ni kazi yako?"

Bi Herufi alivaa miwani.

"Ni yangu."

"Dada," mdogo wake alinong'ona.

"Ni yangu, siwezi kuyakana. Niliyachora na kuyakata mwenyewe." Akaikuza picha, akamtazama ndege. Akaikuza tena. "Inspekta, gari la shemeji liko wapi?"

"Uani kituoni."

"Nipeleke nikalione."

Alichokuwa amekiona aliogopa kukitamka, asije akampa mdogo wake matumaini ya bure.

Uani, Bi Herufi alikwenda moja kwa moja kwenye ubavu wa kulia wa gari.

"Ndege huyu anaruka kwenda wapi?" aliuliza.

"Mbele. Kwenye taa."

"Na wa kwenye picha?"

Inspekta aliitoa simu. Ulikuwa ubavu uleule wa kulia, lakini mdomo wa ndege ulielekea milango ya nyuma.

"Gari si ukuta, lina mbele na nyuma," Bi Herufi alisema. "Ndege ubavu wa kushoto anatazama kushoto, ubavu wa kulia anatazama kulia. Ukimkosea mmoja, gari linaonekana linarudi kinyumenyume."

"Shemeji yako angeweza kubandua na kubandika mwingine."

"Stika hii ukiibandua inachanika. Na tazama vumbi lilivyojipanga kwenye kingo. Haijaguswa tangu niibandike mwezi uliopita."

Inspekta aliinama, akapitisha ukucha. Ulirudi na vumbi.

"Basi kuna gari la pili," alisema. "Lakini sitamwachia mtu kwa sababu ya ndege. Kuna kalenda ukutani kwa yule mama, ameandika: mazulia, Jumatano saa tatu. Daftari la ofisi ya shemeji yako linasema Ijumaa. Na yeye asubuhi hiyo alikuwa peke yake barabarani, hana shahidi. Nani mwingine ana kinyongo naye?"

Walikuwapo wawili. Wa kwanza ni dereva aliyefukuzwa na shemeji, ambaye aliwahi kuapa mbele ya watu kwamba Mbayuwayu itakula majani, ifilisike. Saa nne walimkuta anaosha basi la shule.

"Niliapa, ndiyo," alisema. "Hasira hasara. Lakini jana saa tatu nilikuwa na watoto thelathini na wanane na walimu wawili. Waulizeni."

Waliulizwa. Alikuwa nao.

Wa pili ni mchoraji wa mtaa wa pili, hasimu wa Bi Herufi wa siku nyingi, aliyekuwa na mashine ya kukatia stika kama yake.

"Unanituhumu nimeiba kazi yako?" mzee yule aliuliza, na badala ya kukasirika akacheka. "Ningetaka kuiiga ningetoka hapo nje nikaipiga picha gari inapita. Ningeiba iliyo sawa, bibi. Mtu aende kuiba makosa?"

Maneno hayo yalimwingia Bi Herufi kama mwiba. Walipotoka, Inspekta alipekua karatasi zake, akaguna.

"Na huyu fundi viatu wa ng'ambo ya barabara ananichanganya. Anasema lile gari lilikuwa jeupe tupu, halina herufi hata moja. Nilidhani macho yamemchoka."

"Alikuwa upande upi wa gari?"

"Kushoto."

Bi Herufi alisimama palepale njiani.

Kosa lile alikuwa amelifanya mara moja tu. Mwezi uliopita, kwa haraka, alikata seti mbili zilizofanana. Ya kushoto ilikuwa sahihi, akaitumia. Ya kulia ndege wake alikuwa kinyume, akaiacha kwenye karatasi yake, akaikunja na kuiweka nyuma ya kabati, akakata nyingine. Kwa hiyo duniani kulikuwa na seti mbovu moja, ya ubavu mmoja tu. Fundi viatu hakuchoka macho. Upande wake haukuwa na cha kubandikwa.

Na hakuhitaji kwenda kuchungulia nyuma ya kabati. Alikumbuka nani aliichukua, na maneno yake: "Dada, hizi mbovu usitupe, nipe nikapambie kabati la jikoni."

"Bi Herufi," Inspekta aliita. "Unajua kitu."

"Nipe saa moja."

"Yule mama yuko kwenye mashine ya kupumulia."

"Najua. Saa moja tu, halafu tukutane ofisini kwa shemeji."

Alikwenda kwanza kwa mdogo wao wa mwisho, mwanamume waliyemwita Kitinda. Alimlea mwenyewe mgongoni. Kitinda hakuwepo, wifi yake alimfungulia, akamkaribisha maji. Bi Herufi aliingia jikoni, akalitazama kabati mbele na ubavuni. Maji hakuyanywa.

Saa nane mchana walikuwa wanne ofisini: Inspekta mlangoni, mke wa shemeji kwenye kiti cha mumewe, Kitinda nyuma ya meza ya simu alipokuwa akipokea wateja na kuandika daftari, na Bi Herufi, ambaye hakutaka kukaa.

"Kitinda, ile stika niliyokupa iko wapi?"

"Stika gani, dada?"

"Ya Mbayuwayu. Iliyoharibika."

"Aa, ile. Nimeshaibandika kwenye kabati."

"Nimetoka kwako sasa hivi. Kabati lako ni mbao tupu."

Kitinda alifunika kalamu, akaifunua.

"Labda mke wangu aliitupa."

"Daftari limeandikwa Ijumaa kwa mkono wako," Inspekta alisema. "Mteja uliyeongea naye kwenye simu ameandika Jumatano. Wewe peke yako ndiye uliyejua siku zote mbili. Nikipekua stoo yako sasa, nitakuta mazulia mangapi?"

Simu ya mezani ililia, ikalia, ikakata.

"Matatu," Kitinda alisema.

Mke wa shemeji aliziba mdomo kwa viganja.

"Gari ni la kukodi, na mwenzangu nitakutajia," aliendelea, macho kwa Bi Herufi. "Lakini dada, jiulize na wewe. Biashara hii tuliianza wawili, mimi na shemeji. Jina nililitoa mimi. Mchoro wako wa kwanza ulikuwa na ndege wangapi?"

"Wawili."

"Nikaja asubuhi nikakuta mmoja. Kumbe nimekuwa karani wa simu. Hakuna aliyeniambia, nimesoma ubavuni mwa gari kama wapita njia."

Bi Herufi alikumbuka: shemeji alisema ndege wawili wanajaza nafasi, naye akafuta mmoja bila kuuliza.

"Nilikosa kukuuliza," alisema. "Hilo ni langu. Kumfungia mtu stoo je?"

"Nilitaka shemeji achafuke jina tu, afunge biashara. Yule mama angefunguliwa mapema. Sikujua ni mgonjwa, dada. Wallahi sikujua."

Inspekta alimshika mkono. Kitinda hakubisha. Jioni ile shemeji aliachiwa, akarudi nyumbani kwake.

Jumamosi saa tano asubuhi nesi alizinduka. Saa tisa, Bi Herufi aliketi kando ya kitanda chake, mkoba mapajani, na kumwambia kwamba aliyemfanyia vile ni ndugu yake, kwamba stika ilitoka mikononi mwake mwenyewe, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Nesi alisogeza kinyago cha hewa kidogo.

"Walijifunika nyuso, sikuwaona," alisema polepole. "Ndugu yako ni yule wa kwenye simu?"

"Ndiye huyo, mama."

"Ana sauti ya upole. Nilipoomba nafasi aliniuliza kama vumbi la mazulia linanidhuru, ili wayapige brashi nje. Nikamwambia nina pumu, kifua hakinipi nafasi. Akaniambia, pole mama, tutalizingatia hilo."

Bi Herufi alibaki anatazama vidole vyake. Sauti ya Kitinda ikiapa kwamba hakujua ni mgonjwa ilikuwa bado mbichi masikioni, na hapa palikuwa na watu wawili tu waliosikia maneno haya, mmoja wao akiwa hoi.

"Ulishamweleza Inspekta hilo, mama?"

"Hajanifikia bado."

Bi Herufi alimrudishia kinyago vizuri, akalainisha shuka. Kisha alitoka kwenda ukumbini, ambako Inspekta alikuwa ameketi na daftari akingoja zamu yake.

"Ingia sasa," alimwambia. "Na umuulize walichozungumza kwenye simu. Uandike neno kwa neno."