Pasi na Faili la Mashine ya Vifaranga

Kila akitoka shuleni, Pasi alibadilisha sare, akanawa mikono, akaingia chumba cha nyuma kuangalia mashine ya kutotolesha vifaranga. Kazi yake ilikuwa kuongeza maji kwenye sinia na kusoma joto kwenye kioo kidogo. Jina la Pasi alipewa na dada yake, kwa sababu Pasi hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha bila kukinyoosha. Hata ndala za wageni alizipanga mlangoni.

Mayai yaliyokuwa ndani ya mashine yalitagwa kabla kideri hakijaingia bandani. Ugonjwa huo uliwafagia kuku wote wa mama. Mayai hayo yakiharibika, hakuna mengine.

Siku moja dada, mtunzi wa programu za kompyuta aliyeiunda mashine hiyo, aliitwa kazini ghafla. Kompyuta yake aliiacha mezani, waya ukiwa bado umechomekwa kwenye mashine. Kwenye skrini kulikuwa na faili la mipangilio, yaani mistari inayoiambia mashine iweke joto kiasi gani na igeuze mayai lini. Mistari mingine ilianzia pembeni, mingine ilisogezwa ndani. Pasi akakunja uso.

"Dada naye! Ndiyo mwandiko gani huu?"

Akaivuta mistari yote ianzie pembeni, akahifadhi, akalifunga faili. Papo hapo taa iliyoyapa mayai joto ikazimika.

Alidhani itawaka tena. Haikuwaka. Kioo kilisoma nyuzi thelathini na saba, kisha thelathini na sita. Alilifungua faili, akajaribu kukumbuka mstari upi ulikaa wapi, asikumbuke hata mmoja. Akasikia hatua za mama ukumbini.

"Mbona taa imezima? Balbu imeungua, au?" mama aliuliza.

Pasi alitaka kusema, lakini aliogopa. "Labda, mama."

Mama akafungua mfuniko, akachomoa balbu, akaondoka mbio kwenda dukani. Pasi alibaki peke yake na mayai. Thelathini na nne. Alifunika mfuniko kwa khanga, akailalia kwa kifua, huku jasho likimtiririka mgongoni. Mama alirudi akihema, akafunga balbu mpya. Nayo haikuwaka.

"Vifaranga wangu," mama alisema, kwa sauti ndogo ambayo Pasi hakuwahi kuisikia.

Pasi akamshika mama mkono. "Mama, si balbu. Ni mimi. Nimechezea faili la dada."

Mama hakumgombeza. Alimpigia dada simu, akamkabidhi Pasi.

"Dada, nimeua vifaranga!"

"Acha kulia kwanza. Umefanya nini hasa?"

"Niliinyoosha mistari."

"Pasi, zile nafasi za mwanzo wa mistari sikuziweka kwa uvivu. Ndizo zinazoiambia mashine mstari huu ni wa joto, ule ni wa kugeuza mayai. Umezitoa, sasa haijui mstari upi ni wa taa. Nenda mstari wa pili. Bonyeza kitufe cha nafasi mara mbili."

Pasi aliogopa hata kugusa kompyuta. Alibonyeza mstari baada ya mstari kama dada alivyomwelekeza, akahifadhi. Taa ikawaka. Alikaa chini sakafuni, akalia.

Jioni dada alirudi na kuyamulika mayai kwa tochi, moja moja, aone kama kuna uhai ndani. La kwanza lilitulia tuli. Pasi akafumba macho.

"Angalia," dada alimwambia. Ndani ya yai la pili kivuli kidogo kilitikisika. Mengi yalitikisika. Machache hayakutikisika tena.

Kisha dada akaandika mipangilio ileile kwa namna tatu, akawaonyesha. "Hii ya nafasi inasomeka vizuri, ila ukipoteza nafasi moja umeumia. Hii ya pili ina mabano na koma kila kona. Koma ikikosekana mashine inagoma kulisoma faili, na namna hii hairuhusu kumwachia mtu maelezo. Hii ya tatu ina kichwa cha habari, chini yake jina, alama ya sawasawa, na namba. Sogeza mstari ndani au pembeni utakavyo, hauharibiki. Na baada ya alama ya reli, hii #, naweza kumwandikia mtu maelezo: usiguse."

"Hiyo ya tatu hata mimi naielewa," alisema mama.

"Basi tunaitumia hiyo. Na mimi nina kosa langu. Mashine ikisoma faili bovu, ilipaswa kupiga king'ora, si kuzima taa kimyakimya."

Mama alimvuta Pasi karibu. "Mwanangu, kosa lako lilizima taa. Lakini mimi nilifungua mfuniko, nikatoka mbio kutafuta balbu, na muda wote huo jibu ulikuwa nalo wewe. Mayai yaliyokufa huenda yalikufa wakati huo. Siku nyingine ukiogopa, njoo tuogope wote. Ila niambie ukweli kwanza."